Mwalimu Januarius Nyanda na Miruko Mitatu ya Jua

Marehemu Mwalimu Januarius Nyanda alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Nkoma, Itilima, mtoto wa kwanza wa mzee Nyanda na mama Salu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo huku akichunga ng'ombe, kisha sekondari na ualimu Shinyanga. Tangu 1993 alifundisha fizikia mjini Bariadi, na hakumpa mwanafunzi jibu ambalo hajalipima mwenyewe.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Martha Minza, wakajaliwa Elia na Sayi.

Alhamisi, 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, Mwalimu aligeuza dishi la televisheni la uani kwake lielekee jua, akaunganisha mita, apime mawimbi ya redio ya jua yanavyopanda na kushuka mwezi ukilifunika. Mdogo wake Masunga, fundi wa kuchomelea vyuma katika ua huo huo, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, aliahidi kutogusa mashine hadi saa nane, maana ingevuruga vipimo. Saa sita kasoro akaja mteja, mkokoteni wake umekatika ekseli na pamba iko njiani. Masunga akachomelea mara tatu, haraka haraka. Nyuma ya ukuta mshale wa mita ukaruka mara tatu.

"Bebe, wewe Masunga, njoo uone jua linavyohema," kaka yake aliita kwa furaha.

Masunga alikwenda, akatazama, akarudi kwa mteja wake.

Mwalimu aliifundisha miruko ile kama ya jua kwa miaka minne. Juni 2020 jua lilipopatwa tena, alipima, hakuona hata mmoja. Akailaumu mikono yake, akalishusha dishi, na hakupima tena.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024. Tarehe 8 Februari 2025, wodini, aliuliza: "Mdogo wangu, siku ile uliwasha mashine?"

"Hapana, kaka."

Alifariki asubuhi ya tarehe 10. Masunga hajalala vizuri tangu hapo, na anaona aibu kusimama hapa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo mmoja aliyewasha mashine. Daftari lake la vipimo linazikwa naye. Kwenye ukurasa wa siku ile Masunga ameandika pembeni: "Miruko mitatu ni mimi. Mengine yote ni jua."

Apumzike kwa amani. Mikono yake haikukosea.