Nafasi ya Msomaji

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ya volkano, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, kwenye barabara inayopanda Kibati, Kibumba mpaka Rutshuru. Ubao niliuweka kwa ajili ya wateja. Wateja husimama, wanaokaa ni wale wasio na kiatu cha kushonwa. Mimi naitwa Gundi, na nyote mnajua kwa nini. Kuna Rekta, cheo cha mkuu wa chuo kikuu tulichompa sisi, jina lake Aubin, mstaafu wa ofisi fulani ya Bukavu, anayetembea na mkoba ambao hatujawahi kuuona ukifunguliwa. Kuna Turbo, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ambaye tangu vita ifunge barabara huko juu hana viazi vya kuteremsha, kwa hiyo anateremsha maneno. Mama Léonie anatuuzia kahawa ya tangawizi, na akichoka nasi hututangazia kwamba imeisha. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anatufikia Muzee Donat, kutoka kambi ya wakimbizi, amevaa shati lake safi, daftari limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Huyo tunamwita Milimita.

Jina hilo nilimpa mimi, na leo silijivunii. Zamani, huko kwake Kibumba, wanafunzi wa kilimo wa chuo kikuu walikuwa wakija kila Jumamosi ya kwanza kuwafundisha wakulima. Waliwapa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, yenye utepe wa milimita ubavuni, wakawaambia wapime mvua kila asubuhi na kuiandika. Vita ikashuka. Watu walikimbia na magodoro, na kuku, na masufuria. Muzee alikimbia na chupa na daftari. Huu ni mwaka wa pili anapima mvua ya kambini, kisha anakuja kukaa benchini kwangu kungoja gari la chuo kikuu.

Jumamosi moja Muzee hakusalimia vizuri. Alifungua daftari magotini.

Milimita: Bandugu, kaye yangu imebakia ukurasa moja. Ninunue ingine, ao niache?

Turbo: Uache! Muzee, umeandika myaka mbili, nani amekuya kusoma? Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema ni chupa.

Rekta: Doucement, polepole, Turbo. Université ni kitu kikubwa. Inafika mpaka kwa mukulima ndani ya shamba lake. Mimi naunga mukono.

Turbo: Inafika, inarudi. Wewe Rekta umewahi kuingia université?

Rekta: Nimewahi kupeleka barua.

Mama Léonie: Mpaka ndani?

Rekta: Mpaka kwa mulango. Lakini mulango pia ni université.

Tulicheka. Muzee hakucheka. Alisubiri tumalize, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke.

Milimita: Mimi nitawaambia ile walitufanyia. Baba yangu alipanda viazi siku ya kwanza ya mvua, na mimi vilevile. Vinaoza, tunasema ni ulozi. Tunamuangalia jirani vibaya. Mademoiselle Léocadie wa université akakuya na wenzake, akatuambia: pimeni kwanza. Tukapima musimu muzima. Kumbe ile mvua ya kwanza ni ya uongo, inanyesha inakatika. Tukachelewesha kupanda juma mbili. Viazi havikuoza. Na ule jirani tukaanza kumusalimia tena.

Turbo: Bon, ile ni muzuri. Lakini jiulize, wao walipata nini? Mutu hatoki mujini na gari, apande mpaka Kibumba sababu ya viazi vyako. Mi najua. Ni volkano! Nyiragongo inakunywa mvua. Ikishiba inatapika. Wanataka kujua imekunywa ngapi. Ninyi mulikuwa munabahesabia chupa za mulevi.

Rekta: Hapana. Wingu likitoka kwetu linavuka mupaka bila visa. Sasa wakubwa wanataka kujua imevuka ngapi, ili siku moja wadai. Kaye ya muzee ni pièce à conviction, ushahidi wa kortini. Ndiyo maana hawakuyi: wanaogopa kuonekana nayo.

Mama Léonie: Haa! Na mimi mvua inaingia ndani ya nyumba yangu kwa matundu ine. Nitamudai nani?

Rekta: Uandike barua.

Turbo: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Milimita, mama yako alikufunza muzuri kabisa. Sasa université ilikutakia nini?

Nami, ili nisiachwe nyuma, nilisema labda wanafunzi wale walishapewa diploma zao kwa mvua ya Muzee, wakaoa, wakanenepa, na sasa hata Kibumba hawaikumbuki. Nilisema nikicheka, na msumari mdomoni. Muzee aliniangalia kidogo tu, kisha akaangalia barabara. Hakukuwa na gari. Pikipiki moja ilipita na jeneza jipya limefungwa kwa mpira.

Ndipo akasimama mbele yangu mama mmoja mwenye kidumu cha maji mgongoni, kandambili imekatika ukanda. Hatukumjua. Alisema anaitwa Olive, mtu wa Kibati, ameingia kambini juma lile. Nikaichukua kandambili, yeye akakaa kwenye ncha ya benchi, mguu mtupu juu ya kidumu. Macho yake yakaangukia daftari, neno Kibumba likiwa juu ya ukurasa.

Olive: Aa, kaye ya mvua. Kumbe na ninyi Kibumba mulikuwa nayo.

Muzee aligeuka mzima mzima. Sijawahi kumwona akigeuka hivyo kwa ajili yetu.

Milimita: Mama, unaijua?

Olive: Sisi kwa Kibati tulikuwa kikundi cha pili. Mimi nilikuwa musomaji, kaka yangu muandishi. Saa kumi na mbili asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Turbo: Musomaji ni nini tena?

Olive: Batu wawili kwa chupa moja. Mumoja anainama anasoma, hashike biki ya kuandikia. Mwingine anaandika, hainame. Kisha wote wanatia jina. Mademoiselle alisema: mukulima akisoma peke yake, ataandika mvua ile anaitamani.

Aliomba daftari, Muzee akampa. Akafunua taratibu, kidole kikishuka. Nasi tukainama kuangalia, na nakiri kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza. Safu nne: tarehe, milimita, aliyeandika, aliyesoma. Kurasa za mwanzo zilijaa. Donat, Valérie. Donat, Valérie. Donat, Valérie, mwandiko wa huyo Valérie ukiwa mkubwa na umelala upande. Halafu katikati ya ukurasa, siku vita iliposhuka, ikaanza Donat peke yake. Safu ya nne ilikuwa nyeupe mpaka chini, na ukurasa uliofuata, na uliofuata.

Olive: Papa, hizi zote za huku nyuma hazihesabiwi.

Milimita: Najua, mama.

Olive: Najua unajua. Valérie ni nani?

Milimita: Bibi yangu, muke wangu.

Olive: Yuko wapi?

Turbo, mwenye jibu la volkano na la mawingu, aliinamia viatu vyake. Rekta alishikashika kufuli ya mkoba wake. Muzee amekaa nasi Jumamosi zaidi ya ishirini. Tumempa jina, tumemcheka, tumekunywa naye, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama alikimbia peke yake. Niliona haya, mikono ikiwa na gundi.

Muzee alijibu polepole, kwa Olive tu:

Milimita: Ile usiku batu walikuwa wengi kwa njia. Nilikuwa namushika mukono, nikaona nashika mukono ya mutu mwingine. Nimetafuta kambi zote za huku. Alors nikasema: Valérie ni musomaji. Pahali popote yuko, akiona chupa atainama. Na akisoma, kutakuwa mutu mwenye kumuandikia. Siku université itakusanya makaye yote, wataweka majina pamoja. Wataona Valérie huku, na Donat huku, na mvua ya siku moja. Watajua tu ni batu wa chupa moja.

Olive alimrudishia daftari kwa mikono miwili.

Olive: Wanakuya lini?

Tukaangalia barabara sote, hata Mama Léonie. Ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Mama Léonie alitikisa birika akasema kahawa imeisha, na safari hii ilikuwa imeisha kweli.

Nilimpa Olive kandambili yake, nikakataa malipo. Alijitwika kidumu. Nilitamani amwambie Muzee kwamba kesho saa kumi na mbili atapita kumsomea, maana ndivyo mtu anavyotamani. Hakusema hivyo. Alisema tu, "Tutaonana kwa kambi, Papa," akaenda, na kambi ni kubwa.

Muzee alihesabu mistari iliyobaki kwa ncha ya kalamu.

Milimita: Siku ishirini na mbili. Bon. Nitanunua ingine. Gundi, wewe uko na rula ya chuma. Utanipigia mistari?

Gundi: Nitakupigia, Muzee Donat. Safu ngapi? Tatu?

Alilifunga daftari ndani ya plastiki, akalikunja mara mbili ili maji yasiingie.

Milimita: Ine. Na ya musomaji, kama zamani.