Chumvi Iliyotuliza Miguu Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana huyu aliyesimama mbele yenu amekaa Milola masika matatu bila kuhama. Wanaonijua wanajua kwamba huo si uwezo wangu.

Shule niliacha darasa la tatu. Si kwamba sikupenda kujua. Nilitaka kujua kila kitu, isipokuwa kilichokuwa ubaoni siku hiyo. Nilikata mkonge Lindi, nikapasua mbao Rondo, nikapika uji wa mabaharia. Kazi ikiharibika, nafunga kifurushi. Kuaga sikujua. Mama yangu alipata habari zangu kwa wapita njia.

Miguu ikanifikisha Uganda, nikaajiriwa kufagia madarasa ya chuo kikuu. Huko ndugu walinihubiria Injili, nikaokoka. Nilitubu ulevi, nikatubu uongo. Kukimbia sikukutaja. Nilidhani ni tabia tu.

Kila alasiri, kabla ya kufuta ubao, niliutazama. Mwanafunzi mmoja wa uchumi, Anselmi, mwenyeji wa Newala, akawa ananieleza kwa Kiswahili. Siku moja nikamuuliza mistari miwili iliyokatana ni ya nini.

"Mmoja ni watu wanaotaka kitu," akasema. "Wa pili ni kitu chenyewe kilichopo. Vinapokutana, ndipo bei."

"Kwetu Milola masika barabara hukatika. Wanaotaka chumvi wapo, chumvi haipo. Mistari inakutana wapi?"

Anselmi akacheka. "Haikutani, kaka. Hapo panamngoja mtu."

Ndugu zangu, neno hilo lilinikosesha raha! Nikarudi nyumbani. Kiangazi kilipokuwa kinaisha nilichukua akiba yangu yote, nikanunua chumvi kwa akina mama wanaoichemsha Mchinga, magunia sita. Nikatangaza kijiji kizima: masika haya hakuna atakayekula mboga chapwa. Watu wakacheka. Mama akasimama kunitetea mbele yao: "Mwanangu mara hii hakimbii."

Usiku huohuo? Hapana, asubuhi yake, Mama alinikuta nikiyapanga magunia chini, kwenye udongo.

"Chumvi hailazwi chini kama mahindi," akasema. "Ipandishe kwenye uchaga, juu ya mafiga, ipate moshi."

"Mama, haya mambo nimeyasikia chuo kikuu."

"Haya, baba."

Mvua zikaja. Wiki ya tatu nilifungua mlango nikakanyaga maji ya chumvi. Magunia yalikuwa yamenywea kama matiti ya mbuzi mzee. Chuoni nilijifunza kwa nini chumvi huadimika masika, lakini sikuuliza huyeyuka vipi. Na aliyejua alikuwa chumba cha pili, akipika.

Nikafunga kifurushi. Nasema kweli mbele za Mungu, nilikifunga. Nilikuwa nimefika jikoni, nipitie mlango wa nyuma, Mama akaniona. Hakulia. Akanyoosha kidole juu. Kwenye uchaga palikuwa na makanda manne ya ukili, meusi kwa moshi.

"Lile gunia la sita," akasema, "ulihesabu vibaya au hukuhesabu. Nililigawa kwenye makanda, nikayapandisha siku ileile. Sasa nenda. Au keti."

Ndugu zangu, pale nilipiga magoti kwenye majivu! Nilitubu ile dhambi ya kukimbia, ambayo Uganda sikuitaja. Mama yangu ni Mwislamu mpaka leo, akasema "Alhamdulillahi," nami nikasema amina.

Kisha nikatoka barazani nikawaambia majirani: "Chumvi imeyeyuka. Kosa ni langu. Iliyobaki ni kibaba kimoja kila nyumba."

"Mwanachuo," akaniuliza mzee Chitanda, jirani yetu, "huko chuoni hakuna mvua?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini walileta vibaba vyao. Hakuna nyumba iliyokosa, na mimi nilikuwa bado nipo. Mwaka uliofuata nilijenga ghala lenye uchaga na mafiga chini yake, na Mama ndiye aliyenionyesha kimo. Leo ni duka. Wanatoka Rondo kuja kununua.

Namshukuru Mungu kwa Anselmi, aliyenifungulia macho. Namshukuru zaidi kwa mwanamke aliyeninyooshea kidole juu. Nawe uliyekwisha kufunga kifurushi chako, na najua umo humu, kabla hujatoka pitia jikoni. Mwamini Bwana, inua macho. Huenda kuna kitu alichokutunzia kwenye moshi.