Pilipili ya Marehemu Khamisa

Kijiwe cha Yakub pale Makindu kilikuwa taruma moja kuukuu, gogo la kulazia reli, lililolazwa juu ya mawe mawili nyuma ya stesheni, upande wa kivuli. Hapakuwa na kibao wala mlango. Ukifika alasiri ukamkuta Yakub na birika lake la kahawa juu ya makaa, basi umefika. Waliokaa hapo walikuwa wale wale. Mutiso, kibarua wa reli, waliyemwita Filimbi kwa kuwa hajui kusema taratibu. Bishar, mchuuzi wa mbuzi kutoka kaskazini, waliyemwita Daktari kwa sababu siku moja alimzalisha ng'ombe wa mtu na tangu hapo hajanyamaza. Na Mzee Faki, fundi cherehani, mtu wa pwani kwa asili, ambaye hakuwa na jina la utani kwa vile hakusema sana. Mwaka ule wa hamsini na moja Oktoba ilitia fora kwa jua. Mbwa walikuwa hawabweki, wanakutazama tu ukipita.

Siku hiyo Faki alikuja na kiberiti. Akakaa, akakifungua juu ya goti, na ndani hamkuwa na njiti hata moja. Mlikuwa na maua madogo meupe, yamenyauka.

— Hiyo nini tena, Mzee? aliuliza Mutiso. Umeanza uganga?

— Maua ya pilipili. Yameanguka leo asubuhi. Kumi na moja.

— Na jana?

— Jana tisa. Mti wachanua vizuri, majani mabichi, lakini hauzai. Ua likifunguka, laanguka. Nataka kujua sababu.

Alisema kama mtu anayeulizia mvua, wala hakuwaeleza zaidi. Lakini ile haikuwa pilipili ya hivi hivi. Ilikuwa ya mkewe, Khamisa, aliyefariki mwezi wa Machi. Khamisa alikuwa na madebe manne ya pilipili uani, mbegu yake alipewa na mamake, na mamake alipewa na mamake. Jua lilikwisha kuua madebe matatu. Lile fungu la pilipili kavu lililokuwa likining'inia jikoni, wanawake waliokuja kupika matangani walilitia lote kwenye pilau, wakaisifu pilau, wakaenda zao. Faki naye alikula siku ile, asijue kuwa anakula mbegu ya mwisho. Likabaki debe moja. Likifa bila kuzaa, pilipili ya Khamisa imekwisha duniani, na jambo hilo lilimtia Faki hofu kuliko maradhi yake mwenyewe. Lakini utawaambiaje wanaume wa kijiweni kwamba unalilia pilipili?

— Ni maji, alisema Yakub akimpa kikombe. Unaipa maji mangapi?

— Kikombe asubuhi, kikombe jioni.

— Ndiyo hayo! Unaizamisha. Pilipili yataka kiu.

— Wiki iliyopita uliniambia naiua kwa kiu.

— Wiki iliyopita ilikuwa wiki iliyopita, Mzee.

Bishar alikuwa anangoja zamu yake, na alipoona haiji akaichukua.

— Wacha maji. Hiyo ni jua. Walahi, jua kama hii hata mbuzi anatupa mimba, sembuse pilipili. Weka kivuli.

— Niliweka. Nikaona hakitoshi, nikaliingiza debe ndani.

— Ndani wapi?

— Chumbani. Kando ya kitanda. Na dirisha nalifunga, vumbi lisiingie. Na mbuzi wako pia, Daktari.

Mutiso alicheka hadi kahawa ikamwagikia suruali.

— Aiee! Huyu mzee ameoa pilipili!

Wakacheka wote. Faki naye akacheka kidogo, maana kijiweni usipocheka utaulizwa una nini. Hakuwaambia kwamba asubuhi akifumbua macho kitu cha kwanza anachokiona ni majani yale, na kwamba akiyaona hupata nguvu ya kuteremsha miguu chini.

— Mbolea umeweka? aliuliza Bishar.

— Nimetia. Ya mbuzi wako.

— Basi umeweka kidogo.

— Ngojeni, ngojeni! Mutiso alipiga taruma kwa kiganja. Nyinyi wote hamjui kitu. Mimi niko na hii reli miaka kumi na mbili. Mzee, hiyo pilipili ilitoka wapi?

— Pwani.

— Mmesikia? Pwani! Sasa garimoshi ya Mombasa inapita hapa kila siku, inapiga honi. Pilipili inasikia. Inajua hiyo garimoshi inaenda kwao. Inavaa maua yake, inangoja. Garimoshi inasimama, inakunywa maji, inaenda. Haijabebwa. Sasa itafanya nini? Inatupa maua chini. Kesho inavaa ingine.

— Mutiso, jua limekupiga, alisema Yakub.

— Nenda uulize pilipili yenyewe kama ni uongo.

Faki alijua ni upuuzi mtupu. Lakini ulimchoma. Khamisa alikuwa akisikia honi ya garimoshi la Mombasa anasimamisha mchi kinuni, anasikiliza mpaka liishe, kisha anaendelea kutwanga. Miaka ishirini na mitatu alifanya hivyo, na Faki hakumwuliza hata siku moja kama anatamani kwenda. Akainamisha kichwa, akajifanya anahesabu maua.

Bishar hakukubali kushindwa na kibarua wa reli.

— Mimi nitakuambia kweli sasa. Pilipili inataka hasira. Mtu mpole akipanda, inatoka kama hoho, haiwashi, au haitoki kabisa. Lazima uitukane. Marehemu mama Khamisa alikuwa anaipigia kelele, mimi nilisikia na masikio yangu nikipita na mbuzi. Wewe unaiambia nini?

Faki alipanga maua yake ndani ya kiberiti.

— Mimi naisalimu tu. Asubuhi.

— Unaisalimu!

— Na inaitikia? aliuliza Yakub.

— Bado, alisema Faki.

Kicheko kilikuwa hakijaisha alipotokea mwanamke mmoja na kikapu mgongoni, kamba yake ikimkata paji la uso, jasho linamtiririka. Hakuna aliyemjua.

— Mwi aseo? alisalimu kwa Kikamba, kisha akageukia Kiswahili. Naomba maji ya kunywa. Nimetoka Kilungu, naitwa Mbinya. Nimeleta pilipili ya kuuzia watu wa garimoshi.

Yakub akampa maji. Mutiso akaruka.

— Mama, kaa hapa! Wewe umetumwa. Mwambie huyu mzee, pilipili yake inaangusha maua kwa sababu gani? Si ni garimoshi?

Mbinya aliteremsha kikapu, akanywa maji yote, akachukua ua moja kutoka kwenye kiberiti. Akalipasua kwa ukucha. Kijiwe kizima kikainama kutazama.

— Unga wake uko ndani wote, alisema. Hii haijatikiswa. Umeweka wapi, Mzee?

— Chumbani. Dirisha nimefunga.

— Kuweka ndani si vibaya. Jua ikizidi hata sisi tunaingiza. Lakini sisi tunaweka mlangoni, mahali watu wanapita. Mtoto anapita, anagonga. Mama anapita, nguo yake inagusa. Ua linatikisika, unga unaanguka mahali pake, pilipili inashika. Na jua kama hii ua halingoji siku mbili. Hakuna dawa. Weka tu mahali watu wanapita.

Akajipangusa uso kwa khanga.

— Kwako huwa anapita nani?

Aliuliza vivi hivi, kama mtu anavyouliza mlango wako uko upande gani. Hakuwa na nia mbaya.

Faki akakifunga kiberiti. Zamani za Khamisa wanawake wa mtaa walikuwa wanaingia mchana kutwa kuomba pilipili, na Khamisa hakumchumia mtu. Anayetaka aende uani achume mwenyewe. Walipita katikati ya nyumba na watoto mgongoni, nguo zao zikigusa mipilipili, wakacheka, wakasengenya, wakatoka. Faki kwenye cherehani yake alikuwa akinung'unika kwamba nyumba imekuwa soko. Alikuwa akitamani wanyamaze.

— Mimi nilikuja kwako, alisema Mutiso ghafla. Nilikuja, Mzee. Ile siku ya…

— Ya matanga, alisema Faki.

— Ehe. Ya matanga.

Bishar alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Kutoka kwenye taruma lile hadi mlango wa Faki ni kama hatua mia mbili, na tangu Machi walikuwa wamekaa naye hapo kila alasiri, bega kwa bega, wakimtania.

Mbinya akawatazama mmoja mmoja, kisha akaelewa. Sauti yake ikashuka.

— Basi tikisa mwenyewe, Mzee. Kwa kidole, asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Pole pole. Itashika tu.

— Ahsante, mwanangu.

Akabeba kikapu chake akaenda stesheni. Faki alikuwa amepata alichokuja kutafuta. Pilipili ya Khamisa haitakufa. Kidole kimoja kinatosha. Alipaswa kufurahi, na alijishangaa kwamba moyo wake umekuwa mzito kuliko alipokuja.

Yakub akalinyanyua birika kutoka kwenye makaa.

— Kahawa imekwisha, jamani, alisema, akalishusha birika chini. Faki alisikia jinsi lilivyotua. Lilikuwa bado zito.

Akatia kiberiti mfukoni. Akavaa viatu polepole, kimoja, kisha kingine, akakung'uta kanzu yake ambayo haikuwa na vumbi, akairekebisha kofia mara mbili. Alikuwa anawapa nafasi. Mtu angesema tu, nitapita kesho, ingemtosha. Angeliweka debe mlangoni leo hii hii.

— Haya, alisema. Kwaherini.

— Kwaheri, Mzee, walijibu wote pamoja, haraka.

Alipokuwa anakata kona akamsikia Mutiso akiomba kikombe kingine, na Yakub akimmiminia.