Mama Régine Kunda, Aliyekishuku Kila Kidonge

Leo, tarehe 30 Juni 1956, Mama Régine Kunda anaiaga dispensari ya kambi yetu ya wafanyakazi hapa Élisabethville baada ya miaka ishirini na mitano ya kazi. Aliingia kama mfuaji wa mashuka. Anaondoka akiwa msaidizi mkuu wa wodi ya akina mama.

Tusimsifu kwa upole tu. Mama Régine ni mtu wa mashaka. Kabla ya kukupa vidonge vya chuma vya kuongeza damu, atakuuliza umekula nini, unameza dawa gani nyingine, na chupa utaiweka wapi watoto wasiifikie. Mwenzetu Rigobert aliwahi kumeza maradufu ili apate nguvu za kucheza mpira. Jumapili nzima alishinda chooni, na Mama Régine akampa pole kupitia mlangoni.

Naye alishukiwa. Kambini walisema anawachunguza watu kwa ajili ya Wazungu.

Mwaka 1949 Jeanne Kasonde, mke wa Floribert wa kule reli, alimleta binti yake mdogo Virginie akitapika. Mtoto alikuwa amekuta vidonge vya chuma vya mama yake, vyekundu, vyenye sukari juu, akavila akidhani ni bonbon, peremende. Daktari alimwosha tumbo, akaagiza abaki wodini. Mchana Virginie akaamka, akacheka, akaomba bukari, ugali wetu. Jeanne akamfunga mgongoni.

“Mama Régine, mutoto iko muzima. Acha tuende kwetu.”

Mama Régine akasimama mlangoni. “Ile kupona, miye siamini. Ma Sœur Martine, mutawa wetu, alitufundisha: chuma inatulia kwanza, kisha inarudia mutoto kwa nguvu. Ukae.”

Jeanne akakaa, amenuna. Jioni mtoto akalegea, mikono ikawa baridi. Daktari alikuwa bado anamhangaikia mtoto, Floribert alipofika kutoka kazini na kusikia yaliyosemwa mchana. Akamnyooshea Mama Régine kidole.

“Ulijua namna gani? Ni wewe muloji, muchawi!”

Akina mama wengine wakavuta watoto wao karibu. Mama Régine aliendelea kumshikia Virginie kichwa, daktari akifanya kazi yake.

Mtoto alipona, safari hii kweli. Lakini kwa muda mrefu wanawake waliukwepa mstari wa Mama Régine. Baadaye alituambia kwamba siku ile aliogopa kuliko siku zote: mtoto angekufa, nani angemwamini yeye? Hata hivyo, kesho yake asubuhi alikuja kazini.

Jeanne aliporudi kujifungua tena, alikataa kuguswa na mtu mwingine isipokuwa yeye. Floribert, hatutaficha, hadi leo akimwona huvuka barabara ili kumkwepa.

Sasa anakwenda Kasungami kulima muhogo na dada yake. Mama Régine, asante kwa kila swali lililotuudhi. Tunakuombea mvua ya kutosha, majirani wema na afya njema. Wapo watoto wanaokimbiakimbia hapa kambini leo kwa sababu hukutuamini.