Fundi Nestori Bukuru, Mkaguzi wa Fremu Asiyedanganywa na Rangi

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, Fundi Nestori Bukuru anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana yetu ya baiskeli za wahudumu wa afya, kwanza Kibondo, kisha hapa Kasulu. Ndiye aliyeamua baiskeli ipi itoke kwenda vijijini na ipi ibaki. Wapo waliompenda kwa hilo, na wapo waliomnunia miezi mizima. Wote aliwaamkia sawasawa kwa Kiha, "Mwakeye," akaendelea na kazi.

Alizaliwa Manyovu, akaja Kibondo mwaka 1993 akiwa kibarua wa kuziba pancha. Baiskeli zetu nyingi ni vyuma vya zamani: vimerithiwa, vimegongwa, vimechomelewa, vimebeba ndizi na wagonjwa. Kuzitupa zote hatuwezi, na kuziamini zote ni kuua watu. Hapo katikati ndipo Fundi alipoishi.

Ukaguzi wake haukuwa na haraka. Anaosha fremu kwa maji ya sabuni, kisha anapitisha kitambaa cha pamba kwenye kila kiungo; kikinasa, anainama kutafuta ufa. Anafunga uzi wa kushonea magunia kutoka nyuma, anauzungusha mbele na kuurudisha, apime kama fremu imepinda. Anapapasa chini ya bomba karibu na usukani, maana baiskeli iliyogonga ukuta hujikunja hapo hata mwenyewe akiapa kwamba haijawahi kuanguka. Kutu ya juu haikumtisha. Aliyemwogopa ni mwizi wa ndani, ile kutu inayokula bomba huku nje pamenyooka. Hata kwenye harusi ya Veronica wa mapokezi alimzuia bwana harusi barabarani, akaikagua baiskeli yake ndipo bibi harusi akaruhusiwa kupanda.

Sasa rangi. Ndugu zangu, rangi! Huku kwetu mtu hapeleki kitu kwa mkaguzi kikiwa kichafu. Ni kukosa adabu. Basi kila ukaguzi ulipokaribia, wahudumu walinunua kopo la rangi wakaipaka baiskeli mpaka ikameta, kwa heshima tu. Fundi akiiona inavyong'aa anashika kiuno, anachukua kisu, anaanza kukwangua. Mama mmoja aliangua kilio. Crispin, mkuu wetu wa wakati ule, alimwita ofisini ajieleze kwa nini anaharibu mali za watu. Alijieleza kwa kumpeleka kwenye ufa uliofichwa na ile rangi, kisha akarudi kukwangua.

Mimi ninayeandika haya, Loyce, mtunza stoo, najua ubishi huo uliokoa nini, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Masika ya 2016, tukiwa Kibondo, Fundi alikwenda Kasulu kufuata spoku, akaniachia daftari la ukaguzi. Swaumu, mhudumu wa afya wa Busunzu, akaja na baiskeli ya bluu, rangi bado inanuka. Akasema kijijini kwake kuna homa na hawezi kungoja. Nikaitazama, nikaipenda, nikasaini.

Fundi aliporudi kesho yake alisoma namba kwenye daftari, akaniuliza kama nilikwangua. Nikajibu kwamba rangi ilikuwa nzuri mno. Akasema baiskeli hiyo iligonga daraja mwaka uliopita. Hakunigombeza. Alitoka mbio kutafuta bodaboda, nami nikabaki na daftari lenye saini yangu.

Alimkuta Swaumu juu ya mteremko, mama mwenye mtoto anayeungua homa ameshapanda kwenye keria. Fundi akasimama mbele ya gurudumu. Watu wakamjia juu: mtoto anakufa, wewe unaleta habari za vyuma! Akawajibu, "Mtoto ataenda. Chuma hiki hakiendi." Akampandisha mama na mwanawe kwenye bodaboda aliyokuja nayo, kisha akaisukuma ile baiskeli kwa miguu. Aliingia Kibondo asubuhi iliyofuata, matope mpaka magotini. Nilipoikwangua kwa mkono wangu, ufa ulikuwa umezunguka nusu ya bomba. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Mtoto yule, Jordan, mwaka huu yuko darasa la nne.

Tangu hapo hakuniacha nipumue. Alinifundisha kila kiungo. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, akiwemo Basile wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anayemwita Papa Nestori na kumwogopa kuliko mvua ya mawe.

Wiki iliyopita nilikabidhiwa ukaguzi. Fremu ya kwanza kuletwa kwangu ilikuwa yake mwenyewe, aliyoipanda miaka ishirini na sita na aliyokusudia kurudi nayo nyumbani Manyovu. Haikuwahi kukaguliwa na mtu mwingine, nani angethubutu? Nilipofika kwenye kiungo cha pedeli, ukucha wangu ukanasa. Nikarudia, ukanasa tena. Wenzangu wakanikonyeza niachie, mzee wa watu anaondoka. Yeye mwenyewe akaanza kusema ni mkwaruzo tu. Haki ya Mungu, yeye!

Nikafungua daftari. Nikaandika HAIPITI, nikasaini. Fundi akavaa miwani, akainama, akapapasa kwa kidole gumba kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamtoka mbele ya karakana nzima.

Fundi Nestori, asante kwa kila fremu uliyotunyima. Tiketi ya basi la Manyovu tumekukatia, kiti cha dirishani. Mungu akupe afya, shamba lenye rutuba na wajukuu wa kubishana nao. Nenda ukapumzike bila wasiwasi: huku hakitatoka chuma kibovu.