Mama Rangi na Kadi ya Familia

Wasifu uliochapwa kwenye ratiba mliyoshika uliandikwa na kaka wa marehemu, ambaye ni baba yangu mzazi. Huo mtausoma mkifika nyumbani. Huu ni wangu mimi, niliyeishi na shangazi miaka sita ya mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya wanne, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alisoma mpaka darasa la saba. Ratiba inasema hakupenda shule. Uongo mtupu. Nafasi ya kuendelea alipewa kaka yake, shangazi hakuulizwa.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye duka la rangi za nyumba, akachanganya rangi pale miaka thelathini na tatu. Mteja alileta kigae kilichovunjika, yeye akakitupia jicho, akatia matone kwenye kopo, rangi ikatoka ile ile. Mtaa mzima ukamwita Mama Rangi. Rangi iliyomshinda ni moja tu: kijani cha gauni la mwanamke aliyekaa dirishani, kwenye picha ya kuchorwa ambayo makumbusho ya sanaa yaliiazima. Aliijaribu ukutani jikoni kwetu mara tano. Viraka vyote vitano bado vipo. Kila nilipomuuliza kama ameipata, alijibu, "Bado kidogo."

Hakuolewa, na mlimcheka sana kwa hilo. Lakini alipokata kadi ya uanachama wa familia pale makumbusho, ya watu wazima wawili na watoto wanne, ghafla sote tukawa familia yake. Mlangoni hawakuuliza kadi ni ya nani, aliyeishika aliingia. Wajukuu wa dada yake walifundishwa kuchora humo kila Jumamosi. Wifi yake, yaani mama yangu, aliona maonyesho mapya kabla ya watu wengine, akapiga picha ngazini. Mliipita foleni vifua mbele. Wanachama waliazimwa hata kiti cha magurudumu, ila hicho hakikuwa na maana kwenu.

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, na kufikia Aprili hakuweza kutembea. Picha ile ilikuwa inarudishwa kwa wenyewe. Jumapili tarehe 4 Mei ilikuwa siku ya mwisho kuonyeshwa, na waliruhusiwa wanachama tu. Akaniomba nimpeleke mchana, akitumia kile kiti.

Asubuhi baba alikuja na wageni wake wa kazini, akataka kadi, akaapa kuirudisha kabla ya saa sita. Kufikia saa sita shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni lake la bluu, viatu mguuni. Saa nane alikuwa hapo hapo. Baba alirudi saa kumi na moja, makumbusho yameshafungwa. Nilipomlaumu, alisema, "Kwani picha ina miguu?"

Shangazi alivua viatu mwenyewe. Hakutaka nimsaidie. Kesho yake picha ikapakiwa kwenye lori.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 13 Mei, saa tatu asubuhi. Ameacha dada wawili, kaka mmoja, wifi mmoja, na watoto wa ndugu zake kumi na mmoja, ambao wote wamewahi kuingia kwa kadi yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia naye. Mimi ni mmoja wao. Na Jumapili ile droo alimoiweka kadi niliifungua mimi. Baba aliomba, nikatoa, kwa sababu sijazoea kumkatalia. Hilo nitaishi nalo.

Tangu jana watu watatu wameniuliza kadi iko wapi, maana imebakiza miezi saba. Acheni kupekua droo. Nimemvalisha lile gauni la bluu, viatu mguuni, na kadi iko mfukoni mwake.

Pumzika kwa amani, shangazi. Safari hii hakuna atakayekuja kuiazima.