Wasifu wa Mwalimu Pumua, Fundi Bomba Aliyefundisha Watu Kuomba Msaada

Ndugu, jamaa, walimu wenzake na wanafunzi wake mliofika, wasifu huu umeandikwa na dada mkubwa wa marehemu, mshona sare za shule, ambaye wote mnajua hana mdomo wa asali. Wazee walimwomba aandike mazuri tu. Mazuri yapo, tena mengi. Lakini tangu Jumanne kuna neno linalozunguka msibani, kwamba mke wa marehemu, muuguzi wa wodi ya wazazi, alishindwa kuona ugonjwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Neno hilo litajibiwa leo, kabla mwili haujashushwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa reli na muuza sabuni, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni. Baba yao alikuwa mkali, na watoto wote wawili waliurithi ukali huo kabla hawajarithi kitu kingine chochote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975. Akiwa darasa la tano alisimamishwa wiki mbili kwa kumpiga kiranja aliyemwita mama yake "mama mapovu". Dada yake, aliyekuwa darasa la saba, ndiye aliyempeleka kuomba radhi, na njia nzima alimfundisha maneno ya kusema. Walipofika mbele ya mwalimu mkuu, marehemu akasema, "Nimeambiwa niseme samahani." Akaongezewa siku tatu. Mwaka 1984 aliingia chuo cha ufundi, na mwaka 1986 akahitimu ufundi bomba akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Aliajiriwa na kampuni ya ujenzi. Mwezi Agosti 1991, kwenye hosteli ya ghorofa tatu, alimwambia msimamizi kwamba bomba la maji machafu limelazwa bila mteremko wa kutosha. Alikuwa sahihi. Ila alilisema hilo mbele ya mafundi arobaini, akaongezea na habari za akili ya msimamizi na za waliomzaa. Alifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Miezi mitatu baadaye vyoo vya ghorofa ya chini vilianza kurudisha kila vilichopewa, na hakuna aliyemwita arudi kazini. "Dada, ukweli nilikuwa nao," alizoea kusema. "Mdomo ndio ulionifukuza."

Kwa miaka kumi alitengeneza mabomba ya mitaani huku akijitengeneza mwenyewe. Alijilazimisha kuvuta pumzi mara tatu kabla ya kumjibu mtu, hata akiulizwa saa ngapi. Januari 2002 chuo kilekile kilimwajiri kuwa mwalimu, akakuta vijana wenye mikono mizuri wakipoteza kazi ndani ya mwezi wa kwanza: mmoja kwa kiburi, mwingine kwa kuficha kosa mpaka ukuta ukalowa. Akamwomba mkuu wa chuo saa moja kwa wiki awafundishe kuishi na watu. Mkuu akamwambia, "Fundi anahitaji mikono, mwalimu. Hotuba waachie wanasiasa." Alipewa Alhamisi baada ya chakula, saa ya kusinzia, ndani ya karakana ya kuchomelea. Basi humo alijifunga taulo kichwani, akawa mama mwenye nyumba ambaye jiko lake limefurika, akamsema mwanafunzi mpaka mwanafunzi akajifunza kujibu bila kutukana. "Pumua kwanza, ndugu yangu," aliwaambia, na ndivyo alivyopata jina.

Somo lake kubwa lilikuwa la wiki ya nne. Kila mwanafunzi alisimama mbele ya wenzake, akasema jambo moja linalomshinda, kisha akamtaja mtu atakayemwomba msaada. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa kabla ya kutaja mtu. Wapo hapa leo mafundi wenye kampuni zao waliolia siku hiyo, na hawaoni haya kusema.

Alikutana na mkewe mwaka 1995, alipoitwa kuzibua sinki la wodi ya wazazi, akamlowesha muuguzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Alipumua mara tatu, akasema, "Kosa langu. Nianzie wapi kusafisha?" Muuguzi akamjibu, "Anzia viatu vyangu." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Walielewana. Anayebisha hakuwahi kukaa sebuleni kwao.

Marehemu alianguka chuoni Jumanne tarehe 11 Juni 2024, na alifariki hospitali saa tisa alasiri siku hiyohiyo, kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka hamsini na sita. Daktari alimuuliza mkewe mgonjwa alianza matibabu lini. Mkewe hakujua. Dada wa marehemu alikuwepo pale kwenye korido, na jioni, jikoni, mbele ya mashangazi, akasema, "Anazalisha wake za watu, mumewe hamwangalii." Neno mnalolisikia likizunguka lilianzia kwenye kinywa hicho.

Jumatano asubuhi simu ya marehemu iliita juu ya kabati. Dada yake akaipokea. Alikuwa karani wa kliniki ya figo, mji wa jirani. "Tunamtafuta mtu wa karibu wa mgonjwa wetu," akasema. "Jana hakuja." Dada akamuuliza namba hii kaipata wapi. Karani akajibu kwamba imo kwenye fomu, mahali pa mtu wa kupigiwa mgonjwa akizidiwa. Marehemu alikuwa ameandika namba yake mwenyewe.

Alitibiwa huko miezi kumi na minne. Kila alipoambiwa aje na ndugu, alisema mkewe yuko safarini. Nyumbani alisema Jumanne ana semina. Dawa alizitia kwenye chupa ya vitamini. Mwezi Februari mkewe aliona miguu imevimba, akataka waende wote wakapime. Marehemu akacheka, akamwambia ameshapimwa na yuko salama. Mkewe alimwamini, kwa sababu katika miaka ishirini na saba hakuwa amempa sababu ya kutomwamini. Aliyewafundisha vijana zaidi ya mia nane kutaja mtu wa kuwasaidia, yeye hakutaja hata mmoja. Inauma, na dada yake bado ana hasira naye.

Baba mdogo amesema mambo ya ndani hayasomwi makaburini. Kwa heshima zote, baba mdogo, la uongo lilishatangazwa jikoni, na la kweli lazima lisikike hapa. Wifi, dada wa mumeo alikusingizia. Alisema humtunzi, na hakuwa na ushahidi wowote. Amekosa, na anakuomba radhi mbele ya watu walewale waliomsikia.

Marehemu ameacha mke, binti, mtoto wa kiume, dada, baba mdogo, na wanafunzi wa miaka ishirini na miwili. Mkewe aliisoma karatasi hii Alhamisi, kabla haijapelekwa kuchapwa. Dada alikuwa ameandika kwamba marehemu aliwadanganya wote waliompenda. Mkewe aliomba kalamu, akaukata mstari huo, akaandika juu yake, "Aliogopa." Kisha akaenda chumbani akalala, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani, na hofu ile imwache.